Picha isiyomgharimu swala tone la maji

Barabara ya Namanga inapita mlangoni petu hapa Sakina. Tunaijua kwa foleni zake za asubuhi, kwa malori yaendayo mpakani, kwa daladala za Ngaramtoni na kwa vumbi lake la kiangazi. Ni wachache miongoni mwetu wanaoijua kuwa ni njia ya kuingia katika nchi ya swala twiga, choroa na tandala mdogo, wanyama ambao mtu aweza kukaa Serengeti wiki nzima akarudi bila ya kumwona hata mmoja wao. Mgeni hutoka Ujerumani na kamera yake akaja kuwaona, ilhali mtoto aliyezaliwa Sakina humaliza darasa la saba akiwa amewaona kwenye kalenda ya ukutani tu.

Katika ukurasa huu wa familia tumekwisha kuzungumzia mara nyingi namna ya kuwatoa watoto mbele ya televisheni na simu. Leo tunapendekeza safari ya siku moja, ya kwenda kuwatazama wanyama wa nchi kame na kuwapiga picha. Tunaipendekeza kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Nchi iliyo nyuma ya mlima

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ndio unaotugawia mvua. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukapanda miteremko ya kusini na mashariki, ukapoa na kuyaacha maji yake huko kwenye migomba na kahawa. Unapofika upande wa pili umekwisha kukauka. Msafiri anayetoka Sakina huliona jambo hili kwa macho yake bila ya kufundishwa na mtu. Ngaramtoni bado kuna mahindi na maharage. Oldonyosambu nyasi zimekuwa chache na upepo umekuwa mkavu. Na kuelekea Longido, yapata kilomita 80 kutoka mjini, ni migunga, miiba, vilima vya mawe na mwanga mwingi mno.

Wataalamu hawaiiti nchi hii jangwa kamili. Anayetaka jangwa la kweli katika Afrika Mashariki na aende Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ng'ambo ya Marsabit. Ya kwetu ni nyika kame, nusu ya jangwa. Hata hivyo, ifikapo Septemba na malambo yakawa matope, mnyama wa Longido huwa na hesabu ile ile ya mnyama wa jangwani. Kila anachokifanya kuanzia alfajiri hadi usiku, iwe ni kula, kusimama, kulala au kukimbia, hukipimia maji.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya 88, Al-Ghaashiya, anawahoji wanaadamu iwapo hawamtazami ngamia namna alivyoumbwa. Aliyetajwa hapo ni mnyama wa nchi kame, na kilichotakiwa kwetu ni kumtazama. Siku hizi baadhi ya wafugaji wa Longido na Monduli wanafuga ngamia, na upande wa kaskazini wa Meru, kule Mkuru, wapo pia. Hivyo hata agizo hilo tunaweza kulitekeleza bila ya kuvuka bahari. Lakini aliyemtazama ngamia na awatazame pia jirani zake wa porini, kwani wamepewa hila ambazo nyingine zinazidi hata za ngamia.

Tuanze na choroa, swala mkubwa mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Binadamu akipata homa ya nyuzi 42 maisha yake yamo hatarini. Katika miaka ya 1960, wanasayansi waliofanya utafiti nchini Kenya walikuta kwamba choroa aliyenyimwa maji huuacha mwili wake upande joto hadi kufikia nyuzi 45 kwa saa kadhaa, na asidhurike. Sababu yake ni ya kiuchumi, tukiruhusiwa kusema hivyo. Kuupoza mwili ni kutoa maji, ama kwa jasho ama kwa kuhema, na choroa hataki kuyatoa. Basi joto la mchana hulihifadhi mwilini, akangoja usiku wa baridi uliondoe bure. Ubongo, ambao hauvumilii joto hilo, una hifadhi yake: damu inayoupandia hupita kwanza katika wavu wa mishipa myembamba chini ya fuvu, na hapo hupozwa na damu iliyotoka puani. Subhana'llah.

Digidigi, ambaye uzito wake ni kama kilo 5 tu, hutumia pua ile ndefu inayochezacheza kwa kazi hiyo hiyo ya kupoza damu, na mkojo wake huwa mzito kwa kuwa figo zake hurudisha karibu kila tone mwilini. Aghalabu hahitaji kunywa kabisa. Umande na unyevu wa majani humtosha. Swala twiga naye ni hivyo hivyo. Huyu ndiye mwenye shingo ndefu na kichwa kidogo, anayesimama kwa miguu ya nyuma, wima kabisa, akafikia majani yaliyo mita 2 kutoka ardhini, mahali ambapo mbuzi na swala wengine hawafiki. Aliyemwona mara ya kwanza akisimama namna hiyo hasahau. Majani ya juu ndiyo chakula chake na ndiyo kisima chake.

Na humo humo katika vichaka humea mti wa mswaki, ule ule tunaouuza na kuununua misikitini. Watoto wengi wanaujua mswaki ukiwa kijiti kilichofungwa kwenye nailoni. Kuuona ukiwa mti, umeenea na kuinama, na digidigi amejificha kivulini mwake, ni elimu peke yake.

Gharama ya mbio

Sasa tufike kwenye sharti letu. Mwaka mmoja wa ukame tulikuwa tumesimama kando ya barabara, mbele kidogo ya Oldonyosambu, tukimtazama swala twiga jike akila. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Gari moja lililokuwa likitoka mpakani lilipunguza mwendo, likaiacha lami, likaingia porini na kumwelekea. Swala alikwenda mbio, akasimama, gari likafuata, akaenda tena, akasimama. Mara nne. Abiria walikuwa wametoa simu madirishani na wanacheka, watu wema tu, wenye watoto nyuma. Kisha gari likarudi barabarani likaenda zake. Tunachokisia wamekipata katika simu zao ni matako ya swala na vumbi.

Swala huyo alikuwa ametumia nini? Mnyama akikimbia juani misuli yake huzalisha joto jingi katika dakika chache. Ile hila ya kulihifadhi joto mpaka usiku haifui dafu mbele ya joto la mbio. Hana budi kuhema, na kuhema ni maji. Maji hayo hakuyanywa kisimani ayarudie jioni. Ameyakusanya jani kwa jani, alfajiri kwa alfajiri. Katika mwaka wa mvua hasara hiyo hufidika. Katika mwaka kama 2009, au ule ukame uliofikia kilele mwaka 2022, ambapo mifugo ya Longido, Monduli na Simanjiro ilikufa na kulala kando ya njia, mnyama anayefukuzwa mara mbili au tatu kwa siku analipa kwa uhai. Na jike anayenyonyesha hulipa mara mbili.

Wala hatusemi haya kuwatisha watu. Waliokuwamo ndani ya gari lile wangeambiwa kwamba wanammwagia mtu ndoo yake ya mwisho ya maji, wangeona haya. Hawakujua tu, kwa sababu swala halii wala halalamiki, na kwa mbali mbio zake zinapendeza.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa huruma. Choroa, swala twiga na digidigi huwaficha watoto wao majanini kwa siku au wiki za mwanzo. Mama huenda kula, akarudi kunyonyesha. Mpita njia humkuta mtoto amelala peke yake, kimya, akadhani ameachwa, akamshika, akapiga naye picha, pengine akamchukua nyumbani. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, masahaba wakiwa safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege mdogo mwekundu, na mama yao akawa anapigapiga mbawa kwa uchungu, Mtume (S.A.W.) aliuliza nani aliyemhuzunisha ndege huyo kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hukumu ya mtoto wa swala aliyelala kichakani hatuoni kwamba iko mbali na hapo. Aachwe alipo, na waliomwona waondoke mapema, kwani mama hatarudi wakiwapo watu.

Saa za wanyama na saa za swala

Msomaji atatusamehe kwa mchezo wa maneno, maana katika Kiswahili chetu neno swala lina kazi mbili. Lakini ni kweli kwamba ratiba ya Muislamu inalingana sana na ratiba ya mpiga picha wa nchi kame. Aliyeswali Alfajiri msikitini Sakina akaondoka hapo hapo, jua humkuta akiwa amefika wanakokuwapo wanyama. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi mwanga huwa umelala, wa rangi ya asali, na vivuli ni virefu; wanyama wanakula umande pamoja na majani. Baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi hali hiyo hurudi. Kati ya nyakati hizo mbili hakuna kazi ya kamera.

Tunasema hakuna kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mazigazi. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake huchemka na kutikisika, na picha ya mnyama aliye mita mia mbili hutoka kama kitu kilichomo ndani ya maji. Watu hununua kamera za mamilioni wakidhani tatizo ni kamera. Hakuna lenzi inayoyashinda mazigazi; dawa yake ni kusogea karibu au kuja mapema, na kwa kuwa kusogea karibu ni kumfukuza mnyama, dawa inabaki moja. Sababu ya pili ni kwamba mchana choroa amesimama chini ya mgunga, na kivuli kile kidogo ndicho akiba yake. Ukimtoa hapo saa saba mchana umemtupa tanurini. Familia nayo na ikae kivulini, ile, iswali Adhuhuri, watoto walale.

Jambo moja kwa dereva: alfajiri na jioni ndiyo saa ambazo twiga, punda milia na fisi huvuka barabara hii. Mwendo na upunguzwe.

Vifaa

Kifaa cha kwanza ni darubini ya mkononi, kabla ya kamera. Hata ile ya bei ya chini humwonyesha mtoto jicho la swala, na aliyekwisha kuona jicho hatamani sana kulikaribia gari. Simu ya kawaida ikiwekwa kwa uangalifu kwenye kioo cha darubini hutoa picha ya kuridhisha kuliko kuvuta picha kwa vidole mpaka iwe miraba miraba. Mwenye kamera na awe na mfuko uliojazwa mchele au mchanga, auweke dirishani na kuilaza lenzi juu yake. Utatoa picha tulivu bila ya gharama. Lenzi isibadilishwe nje penye upepo, vumbi la Longido ni jepesi kama unga wa sembe.

Gari ndilo maficho bora. Wanyama wengi hulivumilia gari lililosimama na kuzimwa, ilhali mtu akifungua mlango tu na kuonyesha umbo lake la kibinadamu, wanaondoka. Basi gari lisimame pembeni mwa njia, injini izimwe, na watu wanyamaze. Dakika tano za kwanza mnyama anakutazama wewe. Baadaye huinamisha kichwa akaendelea na shughuli zake, na hapo ndipo picha huanza kupatikana: jike akimlamba mtoto, dume akipima harufu, swala twiga akiinuka polepole na kujisawazisha kwa kiuno. Jina la mtaa wetu kwa Kiarabu lina maana ya utulivu unaoteremka moyoni. Sijui ni mtihani gani mwingine wa utulivu ulio mgumu kwa mtoto wa miaka kumi kuliko dakika hizo tano, na tumeona watoto watundu mno wakiufaulu.

Dalili ya kwamba umekaribia kupita kiasi ni rahisi. Mnyama akiacha kutafuna na kuinua kichwa, umefika mpaka wako. Akigeuza mwili, rudi nyuma. Akikimbia, picha hiyo ni ya haramu kwa maana ya adabu, hata kama mwanga ulikuwa mzuri.

Ama kuhusu hukumu ya picha yenyewe, tunajua kwamba masheikh wametofautiana, wapo wanaoiona picha ya kamera kuwa ni kivuli kilichonaswa na wapo wanaoichukia. Hapa si mahali pa kuamua baina yao. Anayejizuia na ajizuie, achukue darubini na daftari. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki karne ya tisa, aliandika juzuu nyingi juu ya wanyama bila ya kuwa na kamera.

Wa kuwatazama kwa makini zaidi

Watu hupenda wakubwa. Twiga wa upande huu ni wengi na huonekana hata kutoka barabarani, na yeye ni mnyama wa taifa letu, hivyo hatumdharau. Lakini kwa familia yenye watoto tungemshauri mzazi atafute wadogo.

Digidigi huishi wawili wawili, dume na jike, mwaka baada ya mwaka katika eneo lile lile dogo. Ukimwona mmoja, usiondoke. Mwenzake yumo hatua chache. Chini ya jicho wana tezi nyeusi kama wanja, na huichomeka ncha ya kijiti humo kwa ustadi wa kutisha ili kuacha alama ya mpaka wao. Kwa kuwa hawahami, familia inayorudi mahali pale pale Januari, Juni na Desemba itawakuta wale wale, na watoto watawapa majina.

Bweha masikio hutoka magharibi inapokaribia. Masikio yake makubwa, kama sentimita 13 kila moja, husikia mchwa na mabuu wakitembea chini ya ardhi. Kwa wanyama hawa baba ndiye anayebaki shimoni akiwalinda, kuwasafisha na kucheza na watoto, wakati mama amekwenda kutafuta chakula kinachomtengenezea maziwa. Tunaliandika hili katika ukurasa wa familia bila ya kuongeza neno.

Na wapo ambao mtu huwaona mara moja katika miaka: fisi milia, ambaye si yule wa madoa tunayemsikia usiku, hutembea peke yake kimya kimya, na fisi mdogo, mwenye meno dhaifu, asiyemgusa mbuzi wa mtu, kwani usiku mmoja humaliza mchwa zaidi ya laki mbili kwa ulimi. Wengi wa fisi hawa wadogo huuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wale wakubwa. Picha moja iliyo wazi, ikionyeshwa kijijini na kuelezwa, huweza kuokoa wengi.

Kisa cha Omani

Wasomaji wetu wenye ndugu Maskati wanaweza kuwauliza habari za choroa wa Uarabuni, mweupe, mdogo kuliko wa kwetu. Waarabu humwita mahaa, na kwa uzuri wa macho yake huwapa mabinti zao jina hilo, Maha. Kwa karne nyingi aliwindwa na watu waliokuwa juu ya ngamia, na hakwisha. Yalipokuja magari na bunduki za kisasa, yakaweza kumfukuza jangwani mpaka achoke, na hesabu ya maji tuliyoieleza hapo juu ikamgeukia. Wa mwisho porini aliuawa mwaka 1972 katika uwanda wa Jiddat al-Harasis.

Kilichomwokoa ni wachache waliokuwa wamekamatwa kuanzia mwaka 1962 na kupelekwa kuzaliana Phoenix, Marekani, kwenye ukame unaofanana na wa kwao. Sultan Qaboos aliagiza warudishwe, na mwaka 1982 kundi la kwanza, wanyama 10, liliachiwa huru katika uwanda ule ule. Wenyeji wa kabila la Harasis waliajiriwa kuwa walinzi wake. Walistawi, na mwaka 1994 hifadhi yao ikaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Kisha kuanzia 1996 majangili wakarudi, wakiwakamata hai ili kuwauza kwa wanaopenda kufuga. Kutoka mamia kadhaa wakabaki 65, hifadhi ikapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 UNESCO ikaifuta katika orodha yake, ya kwanza duniani kufutwa. Leo, kwa juhudi za nchi kadhaa za Ghuba na Jordan, choroa mweupe yupo tena jangwani, na mwaka 2011 aliondolewa katika daraja la walio hatarini zaidi. Hata hivyo, kisa chake kinatuonyesha kwamba gari likishapata ruhusa ya kuacha barabara na kumfuata mnyama, tofauti kati ya simu na bunduki huwa ndogo kuliko tunavyopenda kukiri.

Picha zinazofanya kazi

Zipo picha zenye faida kwa mnyama mwenyewe. Kaskazini mwa Kenya, mwishoni mwa Januari 2016, mamia ya watu wa kawaida, wakiwamo wanafunzi na wafugaji, walizunguka kwa siku mbili wakimpiga picha kila punda milia wa Grevy waliyemwona, kwa ubavu mmoja. Milia ya kila mnyama ni kama alama ya kidole, haifanani na ya mwingine. Kwa kuzilinganisha picha hizo ilijulikana kwamba Kenya ilikuwa nao 2,350. Zoezi likarudiwa mwaka 2018 na 2020. Hakuna aliyefyatua risasi ya usingizi wala kumfunga mnyama kola. Walisimamisha magari, wakangoja ubavu ugeuke.

Madoa ya twiga nayo hutofautiana vivyo hivyo. Mtoto wa Sakina mwenye picha za twiga wa mwaka huu anaweza kuzilinganisha na za mwaka ujao, akajua nani amerudi na nani hakuonekana. Ili picha iwe ushahidi inahitaji kuandikwa tarehe, saa na alichokuwa akikifanya mnyama. Lakini mahali kamili pasitangazwe mitandaoni. Simu nyingi huandika mahali ndani ya picha bila ya mwenyewe kujua. Kabla ya kuituma, zimeni huduma hiyo, kwani jangili naye ana simu.

Mengine ni ya sheria. Pembeni mwa barabara kuu mtu hutazama bure, lakini sehemu kubwa ya nyika hii ni ya vijiji na ya jumuiya za uhifadhi kama Enduimet, nazo zina utaratibu wa vibali na ada ambayo husaidia kijiji. Ulizeni kwanza, na mkikutana na wazee wa Kimaasai wasalimieni kabla ya kutoa kamera, wala msiwapige picha wao au watoto wao bila ya idhini. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali maalumu. Kwa maoni yetu zingekaa nyumbani kabisa, mlio wake huwatimua wanyama kuliko gari. Wenye nafasi ya kwenda mbali zaidi na waifikirie Mkomazi, kupitia Moshi na Same, ambayo ilikuwa pori la akiba tangu 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa; ina choroa, swala twiga na tandala mdogo, na mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha, lita 3 kwa kila mtu mzima, na yasimwagwe wala kuwekewa mnyama kando ya barabara, kwani atajifunza kuja barabarani. Chupa tupu na zirudi Sakina.

Likizo ya shule ikifika, Insha Allah, tutatenga nafasi katika ukurasa huu kwa picha za watoto na maelezo yao kwa mwandiko wao wenyewe. Tutachapisha jina la mnyama, mwezi na wilaya. Kichaka alichokuwapo mtabaki nacho nyinyi.